Kwa nini unaendesha baiskeli? Mazungumzo na waendesha baiskeli wa Mombasa

MWANZISHA UZI

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote wanajamvi.

Tangu mfungo wa Ramadhani ulipomalizika nimekuwa nikiwasimamisha watu wenye baiskeli hapa Mombasa na kuwauliza swali moja tu: kwa nini unaendesha? Nilianzia Mwembe Tayari, nikaendelea Kongowea, Kisauni na Bamburi, nikavuka feri hadi Likoni, kisha nikawatafuta wale wanaokwenda Malindi na Nairobi kwa nguvu za miguu yao. Mimi mwenyewe nakaa Mishomoroni, na huu ni mwaka wa sita naenda kazini mjini kwa baiskeli, kwa hiyo nilidhani najua mapema nitakachoambiwa. Sikujua. Nitaandika kwa vipande kadiri nafasi itakavyoruhusu, na mwenye lake asisite kuliweka.

Mtu wa kwanza niliyemuuliza alikuwa mzee anayesambaza boflo. Nilimkuta Tononoka saa moja ya asubuhi, baiskeli yake aina ya Black Mamba imesimama juu ya stendi, sanduku la bati limefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, zile tunazoziita blada, vilivyozungushwa na kukazwa hivi kwamba sanduku na baiskeli vilikuwa kitu kimoja. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza swali langu. Alifunga kwanza kifuniko cha sanduku, akanitazama, akasema: "Mwanangu, na yule wa gari ushamuuliza?"

Sikuwa na jibu. Kila asubuhi magari hupanga foleni kwenye daraja la Nyali, mengi yakiwa na mtu mmoja tu ndani yake, na hakuna anayeona haja ya kuyasimamisha ili aulize sababu. Mwenye baiskeli peke yake ndiye anayetakiwa kujieleza, kana kwamba kuwa barabarani bila injini ni kosa linalohitaji utetezi. Nimeliweka neno la mzee huyu mwanzoni kwa sababu lilibadilisha namna nilivyowasikiliza wote waliofuata.

Hata hivyo alinijibu. Jibu lake la kwanza lilikuwa riziki: ameifanya kazi hiyo miaka 27 na imemsomeshea watoto watano. Mimi nikanyamaza. Akampa mwenye duka boflo zake, akahesabu sarafu, akazitia katika mfuko wa kitambaa uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, na aliposhika tena usukani ndipo akaongeza, bila kuulizwa: "Na hapa juu hapana mtu anisimamiaye. Tajiri yuwataka mkate ufike. Njia naijua mimi, na wakati naujua mimi."

MWANZISHA UZI

Kipande cha pili.

Jambo lililotokea kwa mzee wa boflo lilijirudia karibu kwa kila mtu. Jibu la kwanza lilihusu pesa, nalo lilitoka upesi, kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari. Ukishukuru na kuondoka, utakwenda zako ukiamini kwamba watu wa Mombasa wanaendesha baiskeli kwa sababu nauli imepanda na basi. Ukibaki pale, ukamsaidia mtu kushika gurudumu au ukanunua dafu mkanywa pamoja, jibu la pili huja, na aghalabu halihusu pesa hata kidogo.

Chukueni mfano wa muuguzi mmoja anayefanya kazi za zamu huko Kisauni. Aliniambia kwanza kwamba alikuwa akitumia shilingi 160 kwa siku kwa nauli ya kwenda na kurudi, na kwamba kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 4,160, fedha ambazo sasa hununulia unga na gesi. Hesabu yake ni sahihi na hainihitaji mimi kuitetea. Lakini tulipoendelea kuzungumza alinieleza kwamba alianza kuendesha kwa sababu ya usiku. Zamu humalizika wakati matatu zimepungua, na alikuwa akisimama steji peke yake, wakati mwingine kwa nusu saa, akiangaliwa na kila apitaye. Ndugu zake walimwambia kwamba ni hatari kwa mwanamke kuendesha baiskeli usiku. "Kaka," aliniambia, "hatari ilikuwa pale steji. Hatari ni kusimama. Sasa hakuna anayeniona zaidi ya sekunde mbili."

Nilimwomba anionyeshe anavyofanya na buibui, kwa maana najua wapo dada wengi wanaojiuliza jambo hilo. Baiskeli yake ni ya fremu ya kike, isiyo na chuma cha katikati, na mnyororo umefunikwa kwa bati tangu juu hadi chini. Kabla ya kupanda huikusanya pindo upande wa kulia, upande wa mnyororo, akaikunja mara mbili na kuibana kwa vibanio viwili vya nguo, vile vya kuanikia. Vibanio hivyo hukaa vimeng'ata waya wa breki, kimoja cha buluu na kimoja cheupe, tayari kwa safari ya kurudi. Kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko ninaoutumia mimi kufunga kamba za viatu.

MCHANGIAJI WA LIKONI

Mwanzisha uzi, shukrani sana. Naomba niwasemee watu wa ng'ambo, kwa sababu sisi tuna mtihani ambao nyinyi wa Kisauni hamnao.

Nakaa Mtongwe na kazi yangu iko karibu na Marikiti. Kila asubuhi nashuka ule mteremko wa kuingia feri nikiikokota baiskeli katikati ya umati, mkono mmoja usukanini na mwingine kwenye tandiko, nikiomba radhi kushoto na kulia kwa sababu kanyagio huchuna miguu ya watu na usukani hunasa mikoba. Wenzangu hunitazama kwa huruma wakati huo, kwa kuwa wao wamebeba mfuko tu. Feri ikishagusa upande wa kisiwani hali hugeuka. Wao hupanda ule mlima na kwenda kutafuta matatu, mimi napanda baiskeli, na nikifika kazini wao bado wako njiani. Barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia ya kuzunguka, lakini kwa mtu wa baiskeli anayekwenda mjini, kuzunguka hadi Miritini na kuingia kisiwani kupitia Makupa ni kuongeza makumi ya kilomita kwa ajili ya mlango wa bahari ambao unaweza kumwona mtu upande wa pili akipunga mkono.

Ukiniuliza kwa nini, basi jibu langu ni hilo. Feri siimiliki, foleni siimiliki, lakini kuanzia pale inapogusa saruji muda ni wangu.

MWANZISHA UZI

Ndugu wa Likoni, umesema kwa maneno yako jambo ambalo nimelisikia kwa watu wasiopungua kumi. Ahsante.

Kipande cha tatu ni cha fundi, na nitakirefusha kidogo kwa sababu nilikaa naye siku tatu.

Fundi huyu anafanya kazi chini ya mkungu, kando ya barabara huko Kisauni. Ni mtu mzima aliyewahi, akiwa kijana, kuvuka kwa baiskeli lile daraja la zamani la Nyali lililokuwa likielea juu ya maji, kabla ya hili la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Goti lake limemkataza kuendesha, lakini sijakutana na mtu anayewajua waendesha baiskeli kuliko yeye, kwa sababu anawasoma kutokana na kilichoharibika. Baiskeli ya mwanafunzi, alinifundisha, huisha breki. Ya mchuuzi hukatika spoku za gurudumu la nyuma, kwa kuwa mzigo wote umekaa juu ya mhimili ule mmoja. Ya mwuza maziwa hupinda keria upande ambao dumu kubwa huning'inia, na ya mtu aliyeinunua kwa ajili ya afya, akaiacha mlangoni miezi miwili, huja na mnyororo ulioganda kwa kutu. Aliniambia kwamba Mombasa baiskeli huuawa na chumvi kabla haijauawa na barabara, na akanionya dhidi ya tabia ya kuupaka mnyororo oili chafu iliyomwagwa na magereji: oili ile ni nzito, hushika mchanga, na mchanga hula meno ya gia kama tupa. Mnyororo ufutwe kwa kitambaa kikavu, utiwe mafuta mepesi tone kwa tone, kisha ufutwe tena.

Nilimwona akinyoosha gurudumu lililopinda. Aliigeuza baiskeli chali, akalizungusha gurudumu, akaegemeza mkono kwenye fremu na kushikilia kipande cha chaki karibu na rimu bila kuigusa. Pale gurudumu lilipopinda ndipo lenyewe lilipokuja kuigusa chaki, likajitia alama nyeupe. Akalisimamisha, akatafuta spoku zilizo mkabala na alama ile, akaikaza moja robo mzunguko kwa ufunguo mdogo, akailegeza ya upande wa pili kiasi hicho hicho, akazungusha tena. Alama ilipungua urefu. Alifanya hivyo labda mara ishirini, bila haraka, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine alizigonga spoku kwa ukucha akisikiliza sauti zake. Iliyolegea hutoa sauti nzito. Mwishowe gurudumu lilizunguka kwa muda mrefu na chaki ikabaki safi.

Nilipomuuliza kwa nini watu wanaendesha, alisema kwamba wengi hawajui mpaka siku baiskeli inapobaki kwake usiku kucha. Asubuhi huja mapema kabla hajafungua, husimama pale chini ya mti na hawana la kusema.

MCHANGIAJI WA CHANGAMWE

Ndugu mwanzisha uzi, naiheshimu kazi yako, lakini naomba nikupinge. Tusiupambe umaskini. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo baba aliendesha baiskeli kwenda kiwandani kwa miaka kumi na minane, na sikumbuki hata siku moja aliposema kwamba anafurahia. Alirudi na shati limeganda chumvi mgongoni. Watu hawa unaowahoji wanaendesha kwa sababu hawana njia nyingine, na ukiwapa pikipiki leo, kesho hutamwona hata mmoja. Uhuru unaouandika ni wako wewe mwenye kazi ya ofisi na chaguo.

MWANZISHA UZI

Ndugu wa Changamwe, nimesoma maneno yako mara kadhaa kabla ya kujibu, na sehemu kubwa nakubaliana nawe.

Muuza maziwa niliyezungumza naye Mtopanga aliniambia wazi: "Leo nikipata pikipiki, hii nampa mwanangu." Hakuwa na jibu la pili, nami sikumlazimisha awe nalo. Ana miaka 51, hubeba madumu mawili yaliyojaa, na mchanga wa njia za ndani unamchosha. Ningemdhulumu kama ningemwandika kana kwamba anapenda mateso yake. Vilevile ni kweli kwamba waliokuwa na uwezo waliondoka zamani. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya baiskeli, kule mpakani Busia, ambako vijana waliwavusha abiria katika lile eneo lililo kati ya vituo viwili vya mpaka, na leo ukilitamka hapa Mombasa hakuna anayefikiria kanyagio.

Lakini naomba nawe umsikilize muuza samaki wa Mji wa Kale. Alinunua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku. Kila jioni alitenga fungu la mkopo, fungu la petroli na fungu la matengenezo, kisha akatazama kilichobaki. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa aliiuza, akamaliza deni, akarudi kwenye baiskeli yake ambayo mkewe alikuwa ameificha nyuma ya nyumba asiiuze. "Ilikuwa ni mimi ninayeibeba pikipiki," aliniambia. Huyu alikuwa na chaguo, alilijaribu, na akachagua. Sisemi kwamba wote ni kama yeye. Nasema yupo, na kwamba tukiamua mapema kuwa kila mwenye baiskeli yuko pale kwa kukosa, hatutamsikia.

Na kuhusu baba yako, pengine asingependa nimsemee. Ningependa tu kujua kama kuna siku aliwahi kumpa mtu mwingine baiskeli ile aiendeshe.

MCHANGIAJI WA CHANGAMWE

Hapana. Hata sisi wanawe hakuturuhusu kuigusa mpaka alipostaafu. Nitalifikiria hilo.

MWANZISHA UZI

Kipande cha nne: wanaokwenda mbali.

Lipo kundi la vijana na watu wazima wachache ambao mara moja kwa mwezi huondoka Nyali saa kumi na nusu alfajiri kwenda Malindi, kiasi cha kilomita 120. Nilifuatana nao mpaka Kilifi, ambako pumzi yangu ilikomea, nikabaki nikiwatazama wakilivuka lile daraja refu juu ya maji ya kijani. Walichonifundisha ni upepo. Babu zetu walikwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi, nasi tuliosoma shule tunadhani mambo hayo yalikwisha pamoja na majahazi. Hayajaisha kwa mtu wa baiskeli. Wakati wa kusi upepo humsukuma mgongoni anayekwenda Malindi, na anayejaribu kurudi siku hiyo hiyo huona kama barabara imeinuliwa. Kaskazi ikiingia, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Kwa hiyo katika kusi huenda kwa kanyagio na kurudi kwa basi, baiskeli zikiwa zimefungwa juu, na katika kaskazi hufanya kinyume chake. Mmoja wao, kijana wa miaka 19, ana picha moja tu kwenye simu yake anayomwonyesha kila mtu, nayo ni ya Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Kijana huyu anakumbuka pia kwamba mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara letu, na sababu yake ya kuendesha haihitaji maelezo zaidi ya hayo.

Aliyenigusa zaidi ni mwingine, mfanyakazi wa karakana huko Mikindani, aliyekwenda Nairobi peke yake kwa siku sita. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori, na kila aliporudi nyumbani aliwasimulia wanawe majina ya njia: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, Voi. Watoto waliyakariri kama wanavyokariri sura, bila kuona hata mahali pamoja. Baba alipofariki, kijana alitaka kuyaona majina hayo, na alitaka yapite polepole. Alikuwa ameshapanda basi la Nairobi mara mbili, lakini kwa basi, aliniambia, Taru ni dirisha tu.

Usiku wa kwanza alifika Mackinnon Road, akapumzika pale kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando ya reli, mahali ambapo wasafiri wa barabara ile wamezoea kusimama. Voi, kisha Mtito Andei. Kati ya hapo barabara hupita baina ya mbuga mbili za Tsavo, na aliambiwa na kila mtu asiendeshe kabla jua halijapanda wala baada ya saa kumi na moja jioni kwa sababu ya ndovu, naye akatii. Makindu alilala katika hekalu la Kalasinga, ambako msafiri hupewa chakula na malazi bila kuulizwa dini yake. Usiku wa tano Sultan Hamud, na siku ya sita Nairobi. Alinieleza kwa kirefu kuhusu malori: upepo wa lori linalokuja mbele humpiga mtu kifuani, na wa lile linalopita kutoka nyuma humsukuma kwanza kisha humvuta kuelekea magurudumu, kwa hiyo mikono lazima iwe imelegea kidogo usukanini wakati wote, maana anayekaza ndiye anayeyumba. Siku ya tatu dereva mmoja alipunguza mwendo, akashusha kioo, akamuuliza anakwenda wapi na kwa nini. Akataja jina la baba yake. Dereva alilijua. Walisimama kando ya lami, wakanywa chai ya chupa.

MCHANGIAJI WA TUDOR

Simulizi nzuri sana, na Mungu amrehemu mzee yule. Lakini safari ndefu kama hizi si bado ni mambo ya wageni? Nimesoma habari za Mjerumani Heinz Stücke, aliyeondoka kwao mwaka 1962 na kuizunguka dunia kwa baiskeli kwa zaidi ya miaka hamsini. Sisi nani kwetu anaweza kuacha kazi akafanya hivyo? Wetu wanaendesha kwenda kazini na kurudi.

MWANZISHA UZI

Ndugu wa Tudor, swali lako ndilo lililonifanya niuone uzi huu ulikokuwa ukielekea, na nakushukuru.

Wiki iliyopita niliomba ruhusa kwa yule mzee wa boflo nifuatane naye asubuhi nzima, simu yangu ikipima njia. Huchukua mzigo wa kwanza kwenye tanuri huko Majengo kabla ya adhana ya alfajiri, akavuka daraja la Nyali hadi Kongowea, Kisauni na Mtopanga, akarudi. Mzigo wa pili ni wa Tononoka, Tudor na Mji wa Kale. Simu iliandika kilomita 36. Anafanya kazi siku sita kwa wiki, na ukiondoa sikukuu na siku za homa, tulikubaliana kuhesabu siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 10,800.

Mwaka 2015 Mark Beaumont wa Scotland aliendesha baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town kwa siku 42, umbali wa kilomita 10,800 hivi, na ulimwengu ulimpigia makofi, naye aliyastahili. Umbali huo huo mzee wetu huumaliza kila mwaka, akiwa na sanduku la bati nyuma yake, kwenye baiskeli isiyo na gia, na ameumaliza mara 27. Kwa jumla ni kilomita 291,600, ambazo ni zaidi ya mara saba ya mzunguko wa dunia kwenye ikweta. Kasi yao haifanani, na sitaki kuwalinganisha kwa hilo. Nasema tu kwamba tunapotafuta waendesha baiskeli wa masafa marefu tunatazama barabara kuu, ilhali mmoja wao amekuwa akitubishia mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Nilikuwa nimeyagawa mazungumzo yangu mafungu mawili, wa kila siku huku na wa mbali kule. Baada ya hesabu hii siwezi tena kuyagawa. Yule aliyekwenda Nairobi kuyaona majina ya baba yake, muuguzi aliyechoka kusimama gizani, ndugu wa Likoni ambaye muda wake huanza saruji ya feri, na mzee asiyesimamiwa na mtu, wote waliniambia kwamba kuna sehemu ya siku yao ambayo hawako tayari kuikabidhi kwa mwingine. Pesa wanazookoa ni za kweli na wanazihitaji. Lakini nimeona watu wakiacha mambo mengi ya kuokoa pesa mara hali inapokuwa nafuu, na hili hawaliachi.

MCHANGIAJI WA BAMBURI

Mimi naendesha kutoka Bamburi na naunga mkono yote. Ningependa tu uandike pia kuhusu tunavyotendewa. Juzi nilikatazwa kuifunga baiskeli mahali popote nje ya duka moja kubwa. Mlinzi aliniambia hapa ni pa magari.

MWANZISHA UZI

Dada au kaka wa Bamburi, pole. Nilikuwa nimeamua kutoliandika sana, kwa kuwa kila niliyemhoji alikuwa na lake na uzi ungegeuka kuwa malalamiko. Langu ni mlango wa matatu uliofunguliwa ghafla mbele yangu mwaka juzi, ukanivunja kidole cha mkono wa kushoto, na kondakta akaniuliza nilikuwa natafuta nini barabarani. Kidole kilipona kikiwa kimepinda. Swali lile la kondakta, nikilifikiria sasa, ni swali langu mwenyewe la kwa nini unaendesha, likiwa limevuliwa adabu, na ndiyo maana neno la mzee wa boflo kuhusu mtu wa gari lilinichoma vile. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Ninakusudia siku hiyo kwenda kwa meneja wa duka mojawapo la huku kwetu, kwa heshima, nikiwa na ombi la nondo moja ya kufungia baiskeli, yenye urefu wa mita tatu, nasi tutachanga gharama ya kuichomelea. Walio tayari kufuatana nami waandike hapa.

MWANZISHA UZI

Nalazimika kurudi kufanya marekebisho.

Leo asubuhi nilimsomea mzee wa boflo hesabu niliyoiweka hapa. Tulikuwa Makupa, ameketi juu ya ukingo, akila boflo kwa chai ya rangi. Alisikiliza mpaka mwisho, Cairo na Cape Town na mzunguko wa dunia, akauliza tu kama yule Mskoti alifika salama. Nikamwambia alifika. Akamshukuru Mungu. Kisha akaniambia kwamba hesabu yangu ina kasoro, kwa sababu nimehesabu njia ya mkate peke yake. Nyumbani kwake ni Mikindani, na kutoka kule hadi kwenye tanuri huko Majengo haletwi na mtu.

Nimeipima. Ni kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, kupitia daraja jipya la Makupa. Kwa siku 300 hizo ni kilomita 5,400 zaidi, na jumla ya mwaka ni kilomita 16,200, si 10,800 kama nilivyoandika. Kwa miaka iliyopita sikuzidisha, kwa kuwa amehamia Mikindani miaka tisa tu iliyopita na kabla ya hapo alikuwa akikaa Kisauni, njia ambayo bado sijaipima. Tutaipima naye Jumapili.